Simu Mpya, Redio ya Zamani: Muziki Uingie Garini kwa Njia Ipi?

Gari la kawaida katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa, Arusha au Kampala lilianza maisha yake Japani. Lilihudumia watu wa huko kwa miaka kadhaa, likapigwa mnada, likapanda meli, likafika hapa na kupata mwenyewe mpya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huyapokea hata yaliyozeeka zaidi, ila kwa ushuru wa ziada. Ndiyo maana Toyota IST na Vitz za mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado zimejaa Dar es Salaam. Injini zake hazisumbui, vipuri vinapatikana, na spika milangoni mara nyingi bado ni nzima. Redio zake, hata hivyo, zilitengenezwa kwa mahitaji ya mtu mwingine wa nchi nyingine.

Redio hiyo inasoma CD, na pengine MiniDisc, teknolojia ambayo Sony iliizindua mwaka 1992 na ambayo huku haikuwahi kushika. Maandishi yake ni ya Kijapani. FM yake inaishia 90. Mwenye gari kwa upande wake ana nyimbo, mahubiri, kaswida na taarabu zote ndani ya simu. Anachotaka ni kitu kidogo tu: sauti itoke kwenye simu na kufika kwenye spika za gari ikiwa safi.

Dukani ombi lake huwa moja: "Nipe kile kinachochomekwa kwenye sigara." Muuzaji anampa, pesa inatoka, na baada ya wiki mbili redio inakwaruza kila anapokaribia mataa. Tatizo lilianzia kwenye mpangilio. Amenunua kifaa kabla ya kujua redio yake ina mlango gani wa kupokea sauti kutoka nje. Kila redio ya gari ina milango michache: antena, kichwa cha kaseti, tundu la waya, tundu la USB, au Bluetooth yake yenyewe. Sauti haitazidi ubora wa mlango ilikopitia, hata simu iwe ya bei gani. Uchambuzi huu unaipitia milango hiyo mmoja mmoja, kisha unaeleza ni wakati gani inafaa kuing'oa redio yenyewe.

Pengo la mawimbi

Tuanze na antena, kwa kuwa ndiyo njia inayotumika kuliko zote na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote.

Japani iliipa FM masafa ya megahezi 76 hadi 90. Juu ya hapo palikuwa pa televisheni ya analojia, chaneli ya 1 hadi ya 3, ambayo ilizimwa katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 2011. Kuanzia Desemba 2014 vituo vya huko viliongezewa nafasi hadi 95, na redio za magari yaliyofuata zikaongezwa vivyo hivyo. Huku kwetu FM ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani ya zamani na vituo vyetu hukutana katika kipande cha megahezi 2.5 peke yake, kati ya 87.5 na 90. Dar es Salaam, Radio One iliyopo 89.5 inaingia humo bila msaada. Nairobi, Capital FM iliyopo 98.4 haipatikani kabisa.

Dawa iliyozoeleka ni kile mafundi wanachokiita ekspanda: kisanduku kidogo kinachowekwa nyuma ya redio, kati ya waya wa antena na redio yenyewe, na kulishwa umeme wa volti 12. Kazi yake ni kushusha masafa yote kwa kiasi kimoja. Chukua ekspanda inayoshusha 12. Capital FM ya 98.4 utaipata kwenye 86.4, na Kiss ya 100.3 kwenye 88.3. Radio Citizen ya 106.7 inaangukia 94.7, nje ya redio inayoishia 90. Ukiweka inayoshusha 20, Radio Citizen inakuja vizuri kwenye 86.7, lakini BBC ya 93.9 inashuka hadi 73.9 na kupotea. Hesabu haina njia ya mkato. Bendi yetu ina upana wa megahezi 20.5, wakati redio hiyo ina nafasi ya 14. Hakuna ekspanda itakayoingiza vituo vyote, na fundi anayekuahidi hivyo hakuambii ukweli. Mwambie vituo unavyosikiliza, kisha mchague pamoja kiasi cha kushusha.

Jambo jingine ni waya wa umeme wa ekspanda. Uunganishwe na waya unaopata moto pale tu redio inapowashwa. Ukiunganishwa moja kwa moja na betri, kisanduku kinakula umeme usiku na mchana, na gari linalokaa wiki nzima bila kutembea linaweza kugoma kuwaka.

Kirusha mawimbi cha kwenye sigara

Hesabu hiyo ya ekspanda inamhusu hata asiyesikiliza redio. Kifaa cha kwenye tundu la sigara hupokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, au kutoka kwenye flashi na memori kadi, kisha huutangaza kwa FM dhaifu ambayo antena ya gari huinasa. Kwa maneno mengine, ni kituo kidogo cha redio ndani ya gari lako. Uingereza ilipoviruhusu Desemba 2006, iliviwekea nguvu isiyozidi nanowati 50. Vituo vya mijini hurusha kwa kilowati. Mapambano ya namna hiyo hayana mshindi wa kubahatisha: pale ambapo kituo halisi kipo, au kipo jirani, kirusha mawimbi kitazidiwa.

Matokeo yake ni matatu, na ndiyo yanayowachanganya wengi.

La kwanza, kwenye redio ya Kijapani isiyo na ekspanda, ili kirusha mawimbi kisikike ni lazima kiwekwe kati ya 87.5 na 90. Ukikiweka 101.3, kinafanya kazi yake sawasawa, ila redio yako haina masikio ya kufika huko. Vifaa vingi vizima vimerudishwa dukani kwa sababu hii.

La pili, kwenye redio yenye ekspanda, namba za pande mbili hazitalingana. Kama ekspanda inashusha 12 na kirusha mawimbi kimewekwa 100.0, redio uitafute 88.0. Asiyejua hili ataweka 100.0 huku na kuitafuta 100.0 kule mpaka achoke.

La tatu, nafasi iliyo wazi mjini haibaki wazi safarini. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, vituo vinabadilika njiani, na masafa uliyoyachagua Kimara yanaweza kuvamiwa kabla hujafika Chalinze. Chagua masafa mawili au matatu kabla ya kuondoka na uyahifadhi kwenye vitufe vya redio, ili usianze kutafuta ukiwa kwenye usukani.

Hata pale kinapofanya kazi vizuri, FM ya stirio hubeba sauti hadi takriban kilohezi 15, na ile milio ya juu kabisa ya matoazi na kayamba hupungua uhai. Neno "Bluetooth" kwenye boksi halibadilishi hilo. Bluetooth inafika kwenye kifaa tu. Kutoka hapo hadi kwenye redio, safari ni ya FM. Jambo la kuzingatia ni sauti ya simu. Ukiifungulia yote, kirusha mawimbi kinalemewa na sauti inapasuka. Iache chini kidogo ya kileleni, kisha ongeza kwenye redio.

Ipo aina bora zaidi ya kifaa hiki ambayo mafundi redio wazoefu wanaijua: ile inayofungwa kwenye waya wa antena moja kwa moja. Muziki unapopigwa, inakata antena ya nje, hivyo hakuna kituo cha kugombana nacho. Bado ni FM, lakini ni FM tulivu. Kwa gari lisilo na mlango mwingine wowote, hii ndiyo ningeipendekeza kabla ya kile cha kwenye sigara.

Milango ya waya

Gari lenye tundu la kaseti lina bahati kuliko linavyoonekana. Kaseti ya Philips ya mwaka 1963 ilisambaa dunia nzima kwa kipimo kimoja, na kipimo hicho kinaturuhusu leo kuingiza kaseti bandia yenye waya unaochomekwa kwenye simu. Ndani yake hamna mkanda wowote wa nyimbo. Kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio, na mabadiliko ya sumaku hupita kutoka kimoja kwenda kingine. Magurudumu ya meno yaliyomo humo huzunguka ili redio iamini kuwa mkanda unatembea. Ikiwa redio inabadilisha upande kila baada ya sekunde chache, mara nyingi kosa liko kwenye magurudumu hayo. Ikiwa sauti ni nzito na imefubaa, safisha kichwa cha redio kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kabla ya kulaumu kaseti. Ikikaa sawa, kaseti bandia kwa kawaida hukishinda kirusha mawimbi.

Mlango bora wa waya ni AUX, lile tundu dogo la milimita 3.5. Sauti inaingia kwenye redio bila kupita hewani wala kwenye sumaku. Wenye magari wengi hawajui kama wanalo, kwa kuwa halikuwekwa usoni pa redio. Litafute ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, kwenye sehemu ya kuwekea mikono, na chini ya dashibodi. Katika baadhi ya magari ya Kijapani yenye skrini, kama Noah na mengine ya familia, utakuta matundu matatu ya mviringo: la njano, jeupe na jekundu. Yaliwekwa kwa ajili ya kuchomeka kamera au mashine ya video. La njano ni la picha. Jeupe na jekundu ni sauti ya kushoto na kulia, na waya wenye ncha ya simu upande mmoja na ncha hizo mbili upande wa pili unatosha. Kwenye redio yenyewe, bonyeza kitufe cha kubadilisha chanzo cha sauti. Ukiona AUX au VTR ikipita kwenye kioo, ni dalili nzuri kwamba mlango upo, hata kama tundu lenyewe limefichwa.

Pia kuna mlango wa nyuma ambao hauonekani mpaka redio itolewe. Redio nyingi za Toyota za kipindi hicho zilikuwa na plagi ya kuunganisha mashine ya kubadilisha CD iliyowekwa kwenye buti au chini ya kiti. Kuna visanduku vinavyochomekwa hapo na kujifanya ndiyo mashine hiyo, huku vikitoa USB, AUX au Bluetooth. Redio inadhani inapiga CD ya nje, kumbe inapiga simu yako. Plagi zenyewe zina maumbo tofauti, kwa hiyo mpe fundi nafasi ya kuitoa redio na kupiga picha nyuma yake kabla hujaagiza chochote.

Simu nyingi za sasa hazina tundu la headfoni. Apple iliondoa lake mwaka 2016 kwa iPhone 7, na kampuni nyingine zikafuata. Hapo hitaji ni kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye AUX ya gari. Hiki ni tofauti kabisa na kirusha mawimbi: sauti inatoka kwenye simu kwa Bluetooth na kuingia redioni kwa waya, bila FM. Kwa mwenye AUX, sioni sababu ya kununua kitu kingine.

Bluetooth na flashi za gari lenyewe

Magari ya baadaye kidogo yana alama ya Bluetooth, lakini alama hiyo ina maana mbili. Redio nyingi za mwanzo ziliunganisha simu kwa ajili ya mazungumzo tu. Utapokea simu kwenye spika vizuri kabisa, na wimbo hautatoka ng'o. Kupiga muziki kunahitaji utaratibu mwingine ambao redio hizo hazikuwekewa. Kwa hiyo ukikagua gari la kununua, usiridhike na simu kuunganishwa. Piga wimbo usikie.

USB nayo ina hila zake. Matundu mengine ni ya kuchajia tu. Mengine yanasoma flashi, lakini kwa mpangilio wa FAT32 peke yake, wakati flashi na kadi za zaidi ya GB 32 mara nyingi huja na mpangilio wa exFAT. Redio ikisema haioni kitu, jaribu flashi ya GB 16 iliyoandaliwa kwa FAT32. Hiyo si ndogo. Wimbo wa MP3 wa dakika nne katika ubora wa kilobiti 128 unachukua karibu MB 4, hivyo flashi hiyo inabeba nyimbo takriban 4,000. Kusikiliza mtandaoni kwa ubora huohuo ni karibu MB 60 kwa saa, na barabara kuu zina vipande vingi visivyo na mtandao wa maana. Kwa dereva wa masafa marefu, flashi bado ina heshima yake.

Mluzi unaopanda na mafuta

Kuna lawama inayowapata hata waliochagua mlango sahihi. Muziki unatoka vizuri kupitia AUX, lakini nyuma yake kuna mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachia. Huo ni mlio wa alteneta. Hutokea zaidi simu inapochajiwa kwenye umeme wa gari huku imechomekwa AUX: simu na redio zinakuwa zimeunganishwa kwa njia mbili, na uchafu wa umeme unapita katikati na kuingia kwenye sauti.

Kipimo chake ni cha bure. Gari likiwa linaunguruma na muziki ukiwa chini, chomoa chaja. Mluzi ukikatika hapohapo, sababu umeijua. Suluhisho ni kifaa kidogo kinachowekwa kwenye waya wa AUX, chenye transfoma mbili ndogo ndani. Sauti inapita kwa sumaku na njia ya umeme inakatika. Ukiona fundi anataka kubadilisha spika kwa sababu ya mluzi huo, mwombe kwanza achomoe chaja.

Kung'oa au kutong'oa

Suluhisho la mwisho ni kubadilisha redio nzima. Siku hizi wengi wanakimbilia zile za Android zenye kioo kikubwa. Faida zake ni za kweli: FM ya 87.5 hadi 108 bila ekspanda, Bluetooth ya muziki, USB, kamera ya nyuma. Gharama yake nayo inapaswa kuangaliwa kwa macho makavu.

Nguvu ya sauti ndiyo inayouzwa kwa chumvi nyingi zaidi. Boksi linaandika wati 50 mara nne. Amplifaya iliyomo ndani ya redio za kawaida inalishwa na umeme wa gari wenyewe, takriban volti 14.4 injini ikiwaka. Kwa spika ya om 4, umeme huo unaweza kutoa karibu wati 25 kwa kila spika kabla sauti haijaanza kupasuka. Hakuna stika inayobadilisha fizikia hiyo, na redio ya Toyota ya zamani inaweza kuwa na nguvu ileile. Kama sauti yako ni mbovu, angalia spika kwanza. Joto na vumbi vya huku hukausha kingo zake zikachanika, na spika iliyochanika itapasua sauti ya redio yoyote.

Kisha kuna nyaya. Redio za kununua dukani zina utaratibu wa rangi unaofuatwa sana: njano ni umeme wa kudumu wa betri, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni ethi, nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni spika nne, kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi. Nyaya za Toyota zina rangi tofauti na hizo, lakini plagi zake, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, zinajulikana, na plagi za kuunganishia zinauzwa. Dai hizo. Fundi anayekata plagi ya gari na kuzungushia selotepu amekuachia hatari ya shoti nyuma ya dashibodi, na amekuondolea uwezo wa kurudisha redio ya awali siku ukiuza gari.

Na kabla ya yote, ogopa kuchomoa betri ovyo. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani hujifunga zikikosa umeme, kisha hudai kadi ya ramani au namba ya siri, kwa Kijapani. Mtu aliyepeleka gari kubadilishiwa betri anarudi nyumbani na redio bubu. Uliza kama kadi ipo kabla gari halijaguswa.

Utaratibu wa kuchagua

Kwa yote hayo, njia ya kuamua haina utata. Kwanza tafuta kama gari lina Bluetooth ya muziki au USB inayosoma flashi; ikiwapo, umemaliza. Pili tafuta AUX au matundu mekundu na meupe, na uweke kipokezi cha Bluetooth. Tatu angalia kaseti, kisha plagi ya nyuma. Nne, kama hakuna hata kimoja, funga kirusha mawimbi cha waya. Kile cha kwenye sigara kiwe cha mwisho, au cha muda, na ukitumie ukijua hesabu ya masafa yako. Kubadilisha redio kuwe uamuzi wa mtu aliyekwisha kukagua spika zake.

Njia yoyote utakayochagua, ipangwe gari likiwa limesimama. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakata mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za kutafuta wimbo kwenye simu ni zaidi ya mita 60 zilizopitwa bila macho barabarani, katika nchi ambazo watoto huvuka barabara kuu wakienda shule.

Mzigo huu haupaswi kumwangukia mnunuzi peke yake. Anayeingiza magari anajua kabla meli haijatia nanga kwamba redio zake zinaishia 90 au 95, kwamba nyingine zitajifunga betri ikichomolewa, na kwamba maandishi ni ya lugha ambayo mnunuzi hasomi. Anaandika kwenye tangazo umbali uliotembea, rangi na hali ya matairi. Aandike pia aina ya redio, milango iliyopo, na kama kadi ya ramani imekuja na gari. Mistari mitatu ya ukweli kwenye karatasi ya mauzo itawaokolea watu pesa nyingi zinazoishia kwenye vifaa ambavyo havikuwahi kufaa gari lao.